Mjomba na mpwa wake watafuta chuo Kitale na Bungoma

BASI lilituteremsha Eldoret alfajiri, na neno la kwanza alilolitamka mpwa wangu baada ya safari ya usiku kucha kutoka Mombasa lilikuwa hili: "Mjomba, hii ni baridi au ni adhabu?" Nikamvika koti langu, nami nikabaki natetemeka katika kanzu kama kuku aliyenyeshewa. Tukatafuta msikiti, tukasali, kisha tukaingia mkahawani tukaagiza chai ya maziwa na chapati.

Huyu ni mtoto wa dada yangu, na dada yangu ni mjane. Binti ana umri wa miaka 18, kamaliza kidato cha nne na kupata alama ya B ya kutoa. Kwa hesabu ya nchi yetu ya Kenya, mwenye C ya kujumlisha na kuendelea anaweza kuomba kusomea shahada, kwa hiyo mlango u wazi kwake. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua ni mlango upi.

Siku hizi nafasi za vyuo hugawiwa na idara moja iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, nayo watu huiita kwa herufi zake, KUCCPS. Mtoto huketi mbele ya kompyuta, akachagua kozi na chuo, kisha akangoja. Wengi wao huchagua mahali ambapo hawajapata kupaona hata kwa picha. Jina likivutia hutiwa alama. Siku ya kuripoti ikifika ndipo baba na mtoto huanza kuuliza njia, huku sanduku li kichwani. Nchi nyingine, Marekani kwa mfano, mzazi humchukua mwanawe wakazunguka vyuo vitatu au vinne kabla ya kuandika jina popote. Kwetu hilo huonekana kama anasa ya watu wenye nafasi, na mimi nilikuwa mmoja wa wenye kufikiri hivyo, mpaka mambo yaliponifika mlangoni.

Nyumbani kulikuwa na rai tatu. Dada yangu alitaka Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi. Hoja yake haikuwa na kasoro. Chuo kile chimbuko lake ni taasisi ya kilimo, kikafanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007 na kupata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Tena Ijumaa binti anapanda matatu, na jioni yuko nyumbani anakula wali wa nazi. Ami yake, yaani nduguye marehemu babake, alikuwa na lake: msichana hasafiri mwendo wa siku nzima na kuishi ugenini bila maharimu. Binti akamjibu kwa adabu kwamba tumeambiwa tuitafute elimu hata China. Ami naye, ambaye amekaa miaka mingi mbele ya masheikh, akamwambia kuwa wanazuoni wanaihesabu isnadi ya maneno hayo kuwa dhaifu. Mjadala ukafika ukingoni hapo, watu wakanywa kahawa.

Rai ya tatu ni ya binti mwenyewe. Anataka kusomea mbegu.

Msomaji atauliza mtoto wa mjini ana nini na mbegu. Babu yake ana shamba upande wa Magarini, huko nyuma ya Malindi. Msimu mmoja wa masika mzee alinunua mbegu za mahindi katika duka moja ambalo jina lake silitaji. Pakiti ilikuwa safi, ina muhuri na maandishi. Akapanda ekari tatu. Mvua ikaja vizuri, lakini mahindi yakaota moja hapa na moja kule, na yaliyoota yakatoa vigunzi vitupu. Ndani ya pakiti ile mlikuwa na mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Mzee hakusema neno. Alikuwa akitoka asubuhi, akakaa barazani akilitazama shamba. Mjukuu alikuwa huko kwa likizo, akayaona hayo, na aliporudi Mombasa akaniuliza: "Mjomba, mbegu ya kweli hutengenezwa na nani, na wapi?"

Jibu la swali lile ni Kitale. Nami, kwa kuwa mjomba ni maharimu, dada yangu akaniambia: "Basi wewe mpeleke, umwoneshe, murudi. Na unijie na habari kamili. Atasali wapi, atakula nini, na usiku akitoka maktaba atapita wapi."

CHEPKOILEL

Tulianza na Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichoko Chepkoilel, kilomita chache tu nje ya mji katika barabara ya Ziwa. Askari wa langoni alituuliza tumeletwa na nani. Nikamwambia hatukuletwa na mtu, tumekuja kutazama. Akatutazama yeye kwanza, juu na chini, kisha akacheka na kutuandika katika daftari lake. Nadhani si wengi wanaokuja namna ile.

Mahali pale pana historia yake. Mwaka 1946 walowezi wa Kizungu walipafungua kuwa mahali pa kufundishia wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakawa chuo cha walimu, mwaka 1990 pakachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2013 pakapata hati yake. Kwa hiyo mashamba yalitangulia, madarasa yakafuata, na jambo hilo mtu hulihisi hata anapotembea. Mpwa wangu aliinama, akachukua udongo akaufinyanga mkononi. "Mweusi kuliko wa babu," akasema.

Tulibahatika kukutana na msichana mmoja aliyevaa buibui, naye kwao ni kaskazini. Wasichana hawa wawili walizungumza kando kwa muda mrefu, nami nikajifanya nasoma matangazo ya ukutani. Waliporejea, mpwa wangu alikuwa amejua mambo ambayo mimi nisingeyapata kwa kuuliza wakubwa kumi: kwamba wengi hupanga vyumba nje ya chuo na kujipikia wenyewe, kwamba chumba hutazamwa usiku, si mchana, maana mchana kila njia ni salama, na kwamba soksi za pamba hazifai, mtu anunue za sufi.

MJI WA MAHINDI

Kutoka Eldoret tulipanda matatu ya Kitale kupitia Moi's Bridge. Mtu wa pwani aliyezoea mahindi ya viraka viraka kati ya minazi atastaajabu. Huku shamba huanza karibu na lami na mwisho wake macho hayauoni. Watu huliita jimbo la Trans Nzoia ghala la nchi, na sifa hiyo si ya bure.

Kitale ndiko ilikoanzishwa kampuni ya Kenya Seed, mwaka 1956. Ndiko pia kulikofanywa utafiti wa mahindi uliobadili sima ya Kenya nzima. Mwaka 1964 ilitolewa mbegu iliyoitwa H611, nayo ni mtoto wa wazazi wawili: mahindi ya hapa Kitale, na mahindi ya kutoka nchi ya Ecuador, Amerika ya Kusini. Ni kama kusema bibi harusi ni wa mtaani na bwana harusi kaja kwa meli. Mtoto wao akazaa zaidi ya wote wawili.

Mpwa wangu ndiye aliyenieleza hayo yanavyofanyika, maana alikuwa ameyasoma shuleni. Hupandwa mistari ya aina mbili za mahindi katika shamba moja. Ile iliyokusudiwa kuwa mama hukatwa mbelewele zake, yaani lile ua la kiume lililo kileleni, kabla halijamwaga chavua. Hivyo hana budi kupokea chavua ya mistari ya pili. Mbelewele chache zikisahauliwa, mbegu imeharibika. Na mkulima akiweka mahindi aliyovuna ili ayapande mwaka wa pili, nguvu ile hupungua, ndiyo maana kila msimu hulazimika kurudi dukani. "Na hapo dukani," akasema, "ndipo mwizi hungojea." Nilinyamaza. Sikujua kama hasira ya shamba la babu yake bado ilikuwa mbichi kiasi kile.

Hata hivyo mbegu ya milimani haitufai sisi wa pwani, kwa kuwa huchukua miezi mingi na joto letu halipendi. Kwa ajili yetu wataalamu wa kituo cha Mtwapa walitoa mahindi ya Coast Composite, na baadaye aina za Pwani Hybrid. Basi nikamuuliza binti: kama ni hivyo, si bora usome Kilifi, jirani na Mtwapa? Akafikiri. Akasema swali ni zuri, naye atanijibu tukifika Bungoma. Hiyo ndiyo adabu ya watoto wa siku hizi. Hukupa ahadi kama wakili.

Pale Kitale tuliingia vilevile katika chuo cha ufundi, Kitale National Polytechnic. Sikuwa nimepanga, ila nilitaka aone na njia ya stashahada. Taasisi hii ilipandishwa daraja kuwa politekniki ya taifa mwaka 2016, na mwaka huohuo ilipandishwa pia ile yetu ya Mombasa, Kenya Coast. Tuliwaona vijana wa kike na wa kiume wakiwa katika ovaroli, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

Hapa nataka kusema jambo. Watu wetu wengi wakisikia mtoto amekwenda politekniki hutia huruma, kana kwamba kafiwa. Tumesahau upesi mno. Sisi wa pwani tulikuwa na taasisi ya Kiislamu ya ufundi pale Tudor, iliyoitwa MIOME, iliyoanzishwa miaka ya 1940 ikielekea mwisho kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Bohora na serikali ya kikoloni. Mabaharia na mafundi mitambo walitoka pale. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya ufundi ya watu wote, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Na ni katika MIOME ile alikofanya kazi kijana mmoja wa Mombasa ambaye alama zake za shule hazikumtosha kuingia Makerere. Kijana huyo alitoa hotuba siku ya Maulidi, gavana Philip Mitchell akaisikia, na kutoka hapo njia ya kwenda Uingereza kusoma ikafunguka. Baadaye alisoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akaenda kuwa profesa katika Makerere ileile iliyomkataa. Jina lake ni Ali Mazrui. Mpwa wangu alikuwa akilijua jina, lakini habari ya kukataliwa hakuwa nayo. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli.

Tulikuwa na saa mbili za ziada, tukazipitisha katika makumbusho. Mwanzo wake ni afisa mmoja wa jeshi la Kiingereza, Stoneham, aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu, akafungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926 na kuyausia mali yake. Alikufa mwaka 1966, na jengo la sasa likafunguliwa Desemba 1974, la kwanza la aina yake katika bara ya Kenya. Wadudu waliochomwa pini si chakula cha macho yangu. Mpwa wangu alitaka kulala mle.

KUELEKEA BUNGOMA

Siku ya pili tulishika barabara ya Kiminini hadi Kamukuywa, tukakata kwenda Kimilili na Chwele. Huku ndiko kwao Masinde Muliro, mwanasiasa aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 1992, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kimepewa jina lake. Mlima Elgon ulikuwa upande wa kulia, kichwa chake ki ndani ya mawingu. Chwele ni soko kubwa. Ndizi, vitunguu na kuku wamefungwa miguu, na makelele yake yalinikumbusha Kongowea.

Chuo Kikuu cha Kibabii kipo katika barabara hiyohiyo kabla hujafika mji wa Bungoma. Ni kichanga: mwaka 2011 kilifanywa kishiriki cha Masinde Muliro, na mwaka 2015 kikapata hati. Tulikipenda. Kina utulivu, watu wake wana salamu, na mwanafunzi tuliyemuuliza njia aliacha alikokuwa akienda akatusindikiza. Kama binti angetaka ualimu au mambo ya kompyuta ningemwambia ashuke mzigo pale pale. Lakini yeye macho yake yalikuwa yametafuta kitu kingine, na jambo la kuchagua chuo ni kwamba uzuri wa mahali hautoshi pasipo kozi.

Si kila mahali tulipokewa hivyo. Katika safari hii tuliingia chuo kimoja, nami nimeazimia kutokitaja, ambako karatasi zao zilisifu maabara kwa maneno matamu. Tukaomba kuiona. Tukaambiwa ufunguo uko kwa bwana fulani. Bwana fulani yuko likizo. Amerudi lini? Hajulikani. Tukachungulia dirishani, tukaona viti vimepandiana na vumbi la miezi. Mpwa wangu alinong'ona, "Mjomba, pakiti nzuri." Nilielewa.

Adhuhuri tulisali Bungoma mjini. Baada ya sala nilikaa na mzee mmoja Mluhya mwenye ndevu nyeupe, nikamweleza shida ya ami na ya dada yangu. Alicheka. Akanikumbusha kwamba Mumias haiko mbali na pale, na kwamba misafara ya Waswahili kutoka pwani yetu ilifika kwa Wawanga katika karne ya 19, Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. "Nyinyi ndio mliotuletea dini," akasema, "sasa mnaogopa kutuletea mtoto?" Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba katika miji hii yote ya magharibi Waislamu wapo, Waluhya, Wanubi, Wasomali na Waswahili, na msichana akifika msikitini mara moja tu, wanawake watamjua jina. Na akasema pia, bila kuulizwa, kwamba chumba chenye lango linalofungwa saa tatu ni ghali, lakini mzazi asibanie hapo.

Fedha ndiyo iliyokuwa imebaki, nayo si ndogo. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Bodi ya Mikopo, iliyoundwa mwaka 1995, ikamkopesha cha kujikimu. Mwaka 2023 serikali ilileta mpango mwingine, unaopima hali ya kila nyumba na kuigawia ruzuku na mkopo kwa kadiri yake, na mpango huo ukafikishwa mahakamani. Dada yangu huuza mahamri na viazi karai. Namna watakavyoipima hali ya mahamri, Mungu ndiye ajuaye. Ukaribu wa Kilifi hapo una thamani ya shilingi na senti, na sikumficha binti.

Jioni tulikaa katika duka la kompyuta karibu na stesheni ya Bungoma. Reli ile ndiyo iliyowapitisha vijana wetu wa zamani kwenda Makerere, tangu njia ilipofika Kampala mwaka 1931. Walikaa siku kadha ndani ya gari la moshi na mikoba ya vyakula. Nikamkumbusha ahadi yake. Mbona si Kilifi?

Akanyamaza kidogo. "Mjomba," akasema, "Kilifi nitarudi. Mahindi ya babu nayajua yakiwa yamekufa. Nataka kwanza niyaone yakizaliwa."

Akapiga simu kwa mamake kabla hajagusa kitufe. Nilisikia upande mmoja tu. "Ndiyo, mama. Ndiyo, nimepaona. Tumesali." Kisha kimya kirefu. "La, mama, sijalia, ni baridi." Kimya tena. Akanipa simu. Sauti ya dada yangu ilikuwa ndogo. Aliniuliza kama nimekitazama chumba usiku. Nikamwambia nimekitazama, na njia nimeipita kwa miguu baada ya isha, na lango lina askari. Akashusha pumzi. "Basi mnunulie sweta mbili," akasema. "Moja aje nayo huku, niione kama ni nzito."

Binti akaandika Eldoret mbele, Pwani ikafuata, na Kibabii chini yake kwa kozi nyingine. Majibu hayajatoka. Ami yake hajasema ndiyo wala hapana; tuliporudi Mombasa alitaka kujua tu yule mzee wa Bungoma ni wa ukoo gani, na kama namba yake ya simu ninayo.